Ndoo ya klorini iondoke kwenye meza ya vifaa vya upasuaji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji tuzungumzie ndoo. Ni ile ndoo ya plastiki yenye maji ya klorini inayokaa kwenye kona ya leba, ya chumba cha upasuaji na ya chumba cha kufungia vidonda. Humo mikasi, koleo na visu hutumbukizwa vikiwa bado vinachuruzika damu, vikae dakika 10, ndipo vipelekwe kuoshwa. Wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya wa miaka mingi walifundishwa hivyo na wamefanya hivyo kwa nia njema. Katika vituo vingi bango lingali ukutani: loweka, osha, takasa. Ombi letu ni kwamba neno la kwanza la bango hilo lifutwe. Kifaa chenye damu kioshwe kwanza kwa maji na sabuni, ndipo kazi ya kuua vijidudu ifuate.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja ambalo hawakuja nalo, na katika kila 10 wanaolipata mmoja hufa. Mwaka 2016 shirika hilohilo lilisema kwamba barani Afrika hadi wanawake 20 katika kila 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Mama anayerudi wodini siku ya sita kidonda kinatoa usaha, mtoto mgongoni mwa bibi yake, ni mmoja wa hao 20.

Si maambukizi yote hayo yanayotokana na vifaa. Mikono isiyotakaswa inachangia sana. Dawa ya kukinga inayochelewa kutolewa kabla ya kupasua inachangia. Hata nywele za mgonjwa kunyolewa kwa wembe kunachangia, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo ambamo bakteria hupata makao. Kama ni lazima nywele ziondolewe, zipunguzwe kwa mashine. Hayo yamesemwa mara nyingi na yanazidi kueleweka. Chumba cha kuoshea vifaa ndicho kisichosemwa, na mgeni rasmi anapotembelea hospitali hapelekwi huko.

Anayetaka kujua kifaa kisichosafishwa kinaweza kufanya nini akumbuke Yambuku, kaskazini mwa Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya pale, wauguzi walikabidhiwa kila asubuhi mabomba 5 ya sindano kwa ajili ya wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na wodi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa tu kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola ulipita kwenye mabomba hayo: watu 318 waliugua na 280 wakafa, na kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11. Siku hizi bomba la sindano hutumika mara moja likatupwa, na hilo ni jambo kubwa. Mkasi wa kukatia kitovu, koleo la kushikia mshipa na kifaa cha kufungulia njia ya uzazi bado vinatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Ndoo haikuja kwa ujinga. Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980, hofu kubwa ilikuwa juu ya mhudumu aliyeosha vifaa kwa mikono mitupu au kwa glavu nyembamba za kupimia. Ikaonekana kwamba vikilowekwa kwanza kwenye klorini ya asilimia 0.5 virusi vitakufa na anayeosha atakuwa salama. Miongozo mingi ya mafunzo ikabeba fundisho hilo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kuandaa upya vifaa tiba ulieleza wazi kwamba kuloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuosha hakupendekezwi. Sababu zake tunaziona kwa macho katika kazi yetu ya kila siku, na tungependa msomaji naye azione.

Klorini haichagui cha kushambulia. Ikikutana na damu, usaha au kamasi, hujimaliza kwenye protini za uchafu huo kabla haijawafikia vijidudu waliojificha chini yake. Maji yaliyochanganywa asubuhi, yakapokea vifaa vya wazazi watatu, kufika mchana yamebaki maji ya damu yenye harufu ya klorini. Harufu inamdanganya mtu, kwa maana pua hunusa klorini hata pale nguvu yake imekwisha. Papo hapo dawa huigandisha damu juu ya chuma, hasa kwenye bawaba ya mkasi na katikati ya meno ya koleo, na kinachofuata ni brashi kupita juu ya utando mgumu usiotoka.

Halafu kuna chuma chenyewe. Chuma cha pua hakishiki kutu kwa sababu kina ngozi nyembamba mno ya kromiamu inayokikinga. Kloridi hutoboa ngozi hiyo. Shika mkasi uliolowekwa kwenye klorini kwa miezi kadhaa, uusogeze kwenye mwanga wa dirisha na kuutazama kwa kioo cha kukuzia: utaona vishimo kama vimechomwa na ncha ya sindano, vingine vina doa la kahawia katikati. Kila kishimo ni chumba cha bakteria ambacho brashi haifiki. Baadaye mkasi unakuwa butu na koleo halifungi hadi mwisho. Daktari analalamika kwamba vifaa vya siku hizi ni vibovu, na hospitali inanunua vingine ambavyo navyo vinaingia kwenye ndoo ileile. Dakika 10 zenyewe hazizingatiwi usiku wa zamu yenye kazi nyingi, na vifaa hulala humo hadi asubuhi. Maji ya chumvi ya dripu yana madhara hayohayo kwa chuma, kwa hiyo nayo yasitumike kulowekea.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba ndoo imemfanya mhudumu aamini kuwa kifaa kimeshakuwa salama, akaacha kujikinga. Tumeona vifaa "vilivyotoka kwenye klorini" vikioshwa kwa glavu nyembamba, bila miwani wala aproni. Kinga ya anayeosha inapaswa kuwa mwilini mwake: glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopitisha maji, ngao ya uso au miwani pamoja na barakoa, na viatu vilivyofunika mguu wote. Glavu nene zioshwe, zikaushwe na kukaguliwa kwa kujazwa hewa ili kuona kama zimetoboka. Zikitoboka zitupwe, zisizibwe.

Kazi sahihi inaanzia mezani kwa mpasuaji. Damu ifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji safi papo hapo kifaa kinapowekwa chini, na vifaa vyenye tundu visukumiwe maji kwa bomba la sindano. Kisu na sindano viondolewe na yule aliyevitumia, vitiwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, na boksi hilo lifungwe likijaa robo tatu. Asiachiwe mwenzake wa chumba cha kuoshea. Vifaa vilivyobaki vifunguliwe, vipangwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko kisichovuja, vifunikwe kwa taulo lililolowa maji na vipelekwe mara moja. Adui mkubwa hapa ni damu kukauka. Damu mbichi inatoka kwa dakika moja ya brashi. Ikikauka inahitaji kulowekwa kwenye maji ya sabuni na kusuguliwa tena na tena, na hata hivyo huna hakika.

Katika chumba cha kuoshea kunahitajika masinki mawili yenye kina, moja la kuoshea na moja la kusuuzia. Pasipo masinki, mabeseni makubwa mawili yanatosha ili mradi maji yabadilishwe kila yanapochafuka. Maji yawe ya vuguvugu, yasizidi nyuzi joto 45 hivi, kwa sababu maji ya moto huigandisha protini kama yai linavyoganda kwenye sufuria. Sabuni iwe ya maji, isiyo na asidi wala magadi makali, tena ipimwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sabuni ya unga ya kufulia inaacha mabaki na povu lake linaficha kinachooshwa. Steelwool na unga wa kusugulia sufuria vinakwaruza chuma na kuanzisha tena vile vishimo. Kifaa kisuguliwe kikiwa chini ya maji, kamwe si juu yake, ili matone yasirukie usoni. Bawaba zifunguliwe, sehemu zinazotengana zitenganishwe. Mirija ipitishwe brashi ya unene unaolingana na tundu, na brashi itokeze upande wa pili. Isipotokeza, mrija haujaoshwa. Brashi zenyewe zisafishwe na kutakaswa kila siku, maana brashi iliyolala imelowa juu ya sinki huamka ikiwa na bakteria wengi kuliko mkasi.

Baada ya kusuuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kagua kwa mwanga mzuri na kioo cha kukuzia. Ukiona doa, rudisha kwenye sinki bila aibu. Jaribu kila mkasi kama unakata na kila koleo kama linafunga. Bawaba inayokwama itiwe kilainishi kinachoyeyuka kwenye maji. Mafuta ya mashine huzuia mvuke usiguse chuma. Mpaka hapa bado hatujaua kijidudu kwa joto wala dawa, lakini sehemu kubwa mno ya vijidudu imeshakwenda na maji. Ndiyo maana tunasema kifaa kisichooshwa vizuri hakitakasiki hata kikikaa kwenye mashine ya bei gani.

Sasa tuje kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa presha, na hapa tuna jambo la kuwaambia hasa wenzetu wa nyanda za juu. Kanuni inayojulikana na wote ni nyuzi joto 121, presha ya paundi 15, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na dakika 30 kwa vilivyofungwa kwenye kitambaa au karatasi. Kinachoua hapo ni joto la mvuke. Presha ni njia tu ya kuufikisha mvuke kwenye joto hilo. Na geji ya mlangoni haipimi presha yote iliyomo ndani. Inapima tofauti kati ya ndani na nje.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa ya nje inasukuma kwa kilopaskali (kipimo kingine cha presha) 101 hivi. Mvuke wa nyuzi 121 unahitaji kilopaskali 205 kwa jumla, kwa hiyo geji ikisoma 104, ambayo ni paundi 15, hesabu inatimia. Panda Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni kilopaskali 83 hivi. Geji ileile ikisoma paundi 15, ndani kuna kilopaskali 186 au 187 tu, na mvuke wake una nyuzi 118. Ni upungufu wa nyuzi 3, lakini kwa mbegu za bakteria zenye ganda gumu kila nyuzi 10 zinazopungua zinataka muda mara kumi, na kila nyuzi 3 zinataka muda mara mbili. Dakika 30 za Mbeya kwenye paundi 15 ni sawa na dakika 15 za Dar es Salaam. Mpishi yeyote wa huku anajua kwamba maharage hayaivi upesi kama Pwani, na sababu ni hiyohiyo. Njombe, Iringa, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kigali na Bukavu wote wako kwenye hesabu hii, kila mji kwa kimo chake.

Dawa yake ni geji kufika karibu paundi 18 katika miinuko ya namna hii. Tunaomba sana mtu asikaze vali kwa mkono wake ili kuipata namba hiyo. Mashine ina kibandiko kinachoonyesha presha ya juu inayoruhusiwa, na vali ya usalama imewekwa kwa sababu. Fundi wa vifaa tiba ndiye apime na kurekebisha. Mashine isiyoruhusu kupandishwa iongezewe muda badala ya presha, na muda huo uthibitishwe kwa kipimo cha bakteria tutakachokieleza. Penye kipima joto, fuata kipima joto na uache geji. Mashine za kisasa zinazojiongoza kwa kuhisi joto zinajirekebisha zenyewe. Tunaowaonya ni wenye mashine za kuwasha kwa mkaa, gesi au koili, ambazo ndizo zinazohudumia zahanati na vituo vingi vya afya.

Kosa la pili la otoklevu hizo ni hewa iliyobaki ndani. Geji inasoma presha bila kujali kama ni ya mvuke mtupu au ya mvuke uliochanganyika na hewa. Ukifunga vali mapema, nusu ya hewa ikiwa bado imo, paundi 15 za usawa wa bahari zinakupa nyuzi 112 badala ya 121. Hewa isipotolewa kabisa unapata nyuzi 100, yaani umechemsha tu. Acha vali wazi mpaka mvuke utoke mfululizo kwa nguvu kwa dakika kadhaa, bila kukohoakohoa, ndipo ufunge. Muda uanze kuhesabiwa joto linapofika, si pale moto unapowashwa.

Upangaji nao una kazi yake. Mvuke unaingia kutoka juu na kuisukuma hewa chini, kwa hiyo kila chombo kipangwe kama vile unataka maji yamwagike kutoka ndani yake. Bakuli na kidishi vilazwe ubavu. Mikasi na koleo vibaki wazi. Mkasi uliofungwa unatakasika nje tu. Furushi la mashuka na gauni lisizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 50, wala kilo 5, maana likizidi hapo mvuke haufiki katikati kwa wakati. Mafurushi yasimame wima yakiachiana nafasi ya vidole, yasiguse kuta. Wanaotumia dramu, yaani kopo la chuma lenye matundu, wafungue matundu yake kabla ya kuingiza na kuyafunga mara tu linapotoka. Tumekuta madramu yaliyoingia yakiwa yamefungwa na yakatoka yakiwa yamefungwa, tepe ya kiashiria iliyobandikwa nje imebadilika rangi, ndani hakuna mvuke uliopita.

Tepe hiyo yenye mistari inayogeuka nyeusi inaaminiwa kupita kiasi. Inasema furushi lilipita kwenye joto, basi. Kujua kama joto na mvuke vilifika ndani, weka kiashiria cha karatasi katikati ya furushi, na mpasuaji akitazame kabla ya kushika kifaa. Na kujua kama mashine inaua kweli, angalau mara moja kwa wiki weka ndani yake kichupa chenye mbegu za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, ambaye ni mgumu kwa mvuke kuliko wale wanaotusumbua wodini na hana madhara kwa watu. Kichupa hicho kiatamizwe kwenye nyuzi 55 hadi 60 kwa saa 24 hadi 48 pamoja na kichupa kingine ambacho hakikuingia kwenye mashine. Kisichoingia lazima kiote, na kilichoingia lazima kisiote. Vyote viwili visipoota, kipimo chenyewe ni kibovu na hujajua lolote. Mashine zinazovuta hewa kwa pampu na kufanya kazi kwa nyuzi 134 zinahitaji pia kipimo cha Bowie-Dick, kinachoonyesha kama hewa imetolewa yote, kila asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza.

Furushi likitoka limelowa, halijatakaswa hata kama viashiria vyote vimegeuka rangi. Kitambaa kilicholowa kinanyonya bakteria kutoka kwenye meza na mikono kama utambi unavyonyonya mafuta. Mlango ufunguliwe kidogo, vifaa vikae ndani mpaka vikauke, kwa kawaida nusu saa, wala visiwekwe kwenye saruji au bati la baridi vikiwa na moto. Tunajua presha iliyopo pale daktari anaposimama mlangoni anasubiri seti ya upasuaji wa dharura. Jawabu la presha hiyo ni kuongeza seti, na idadi ya seti ipangwe kwa idadi ya upasuaji.

Kuhusu kuchemsha, tuseme kwa ufupi. Dakika 20 za maji yanayotokota, zikihesabiwa baada ya kutokota na bila kuongeza kifaa katikati, zinaua vijidudu wengi lakini hazitakasi, yaani haziui wote. Mbegu za pepopunda zinaweza kuvumilia maji yanayochemka hata Pwani ambako yanafika nyuzi 100. Mbeya yanachemka kwenye 94. Kifaa kinachoingia ndani ya mwili au kukata kitovu kinataka mvuke wa presha, au tanuri la joto kavu la nyuzi 170 kwa saa 1 au 160 kwa saa 2. Mwananchi akiambiwa "vimechemshwa", ana haki ya kuuliza vilichemshwa kwa namna gani.

Hatuifukuzi klorini hospitalini. Mahali pake ni sakafuni, kwenye kitanda, kwenye damu iliyomwagika na kwenye kazi ya kudhibiti Ebola na ugonjwa unaofanana nayo, Marburg. Damu ikimwagika, funika kwa kitambaa cha kunyonya, ondoa uchafu, ndipo umwage klorini ya asilimia 0.5, uiache dakika 10 na kufuta. Hata hapo, uchafu umetangulia kuondolewa. JIK ya asilimia 3.5 inachanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji: gawanya 3.5 kwa 0.5 upate 7, toa 1. Chupa ikiandikwa asilimia nyingine, hesabu inabadilika, kwa hiyo kibandiko kisomwe kila duka linapoleta aina mpya. Unga wa klorini wa asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita. Changanya upya kila siku, kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, na usichanganye na asidi wala kuimwaga juu ya mkojo mwingi, kwa sababu gesi inayotoka inaumiza mapafu.

Rwanda ilipopata Marburg Septemba 2024, karibu 80% ya wagonjwa 66 walikuwa wahudumu wa afya. Kagera nako, Machi 2023, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Wahudumu wa chumba cha kuoshea wamo katika hatari hiyohiyo, na mara nyingi ni watu wa kada ya chini kabisa waliofundishwa na mwenzao kwa siku mbili. Tunaomba timu za afya za wilaya na kaunti ziwape mafunzo rasmi, chanjo ya homa ya ini aina ya B dozi zote 3, na uhakika wa kupata dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72 mtu anapojichoma. Zikianza ndani ya saa chache ni bora zaidi.

Wafadhili na waheshimiwa wabunge wanaopenda kuchangia hospitali, nao tunawaomba. Otoklevu mpya ni zawadi nzuri, lakini kabla yake ulizeni kama pana brashi za mirija, glavu nene, sabuni sahihi, vioo vya kukuzia, viashiria vya ndani na vichupa vya kipimo vya kutosha mwaka mzima. Ulizeni kama maji yanatoka bombani saa 24 au yanabebwa kwa ndoo. Mashine kubwa isiyo na vitu hivyo husimama kama kabati.

Kisha kuna daftari. Kila mzunguko wa otoklevu uandikwe tarehe, namba ya mzunguko, seti zilizoingia, joto lililofikiwa, dakika, matokeo ya kiashiria na jina la aliyeendesha. Namba hiyo ibandikwe kwenye furushi, na furushi likifunguliwa ihamishiwe kwenye faili la mgonjwa. Kichupa cha Jumatatu kikiota Jumatano, daftari ndilo litakaloonyesha ni seti zipi zirudishwe kabla hazijafunguliwa, na ni wagonjwa gani wafuatwe wodini au nyumbani vidonda vyao vikaangaliwe siku hiyohiyo.

Ni sisi,
Watakasaji wa vifaa vya upasuaji,
Nyanda za Juu Kusini